Kanda Tatu za Mwalimu

Ashukuriwe Mungu aliye juu, aliyeniacha hai mpaka meno yangu yakatangulia kuondoka. Yeye ndiye aliyenipa mikono ya kushika bisibisi na macho ya kusoma Neno lake, na hata leo mikono inapotetemeka, siku haipiti bila kumsifu. Naanza naye kwa sababu ninayoyasimulia ni machungu, na sitaki msomaji adhani uchungu huu unamhusu Yeye. Unanihusu mimi.

Mwalimu ninayemkumbuka hapa alikuwa mwalimu wa Injili katika kijiji chetu, upande wa Mara, ziwani kabisa. Ndiye aliyenifundisha kusali na kusoma. Hakuwa na cheti chochote. Alikuwa na sauti, na alikuwa na nyimbo. Nyimbo za kanisani za siku zile zilikuwa za kutafsiriwa, zenye theluji na kengele ambazo hatukuwahi kuziona. Yeye alitunga zake kwa Kijita, lugha ya kwetu, na ndani yake mlikuwa na ziwa letu: dagaa walioanikwa juu ya mawe, mihogo iliyolowekwa, mtu anayemwita mvushaji kutoka ng'ambo na kungoja kuitikiwa. Zilizidi themanini. Watu waliziimba misibani na wakati wa mavuno, kila kijiji kwa maneno yake, wakikosea. Mwalimu alitaka kitu kimoja tu hapa duniani, ziandikwe kitabuni kama alivyozitunga.

Miaka ya themanini alikuwapo Mwanza mmisionari mmoja, Mmarekani, aliyempenda sana. Mmisionari huyo alikuwa na kompyuta ya nyumbani, ndogo, umbo lake lote kibodi tu, pamoja na televisheni yake aliyokuja nayo kwa meli na transfoma nzito ya kushusha umeme wetu ufanane na wa kwao. Kompyuta ile haikuwa na kioo chake. Ilitumia televisheni. Haikuwa hata na mahali pa kuhifadhi kazi. Ilihifadhi katika kanda za kawaida za redio, zile zile ambazo watu walinunua zikiwa na muziki. Mwalimu alikuja kukaa kwake kwa miezi kadhaa, na kila alasiri aliketi na madaftari yake akisoma, mmisionari akiandika, na jioni kazi ikaingizwa kwenye kanda. Mimi nilikuwa fundi redio mjini, na ndimi niliyeitwa mashine ilipogoma, kwa hiyo niliijua. Zilijaa kanda tatu.

Kisha mmisionari akaugua, akarudi kwao, akafia huko. Madaftari ya Mwalimu yaliliwa na mchwa katika ghala la kanisa. Mwalimu hakusikitika. "Mchwa hawali kanda," aliniambia akicheka.

Televisheni ya mmisionari iliuawa na mgeni wa semina aliyetaka kuangalia mkanda wa video. Aliona transfoma ni mzigo tu, akachomeka waya wa televisheni moja kwa moja ukutani. Moshi ulipotoka madirishani nilikuwa nje. Niliifungua, nikaona kilichokufa, nikajua spea yake haitapatikana Mwanza wala Nairobi. Kompyuta ilikuwa nzima kabatini, na kanda tatu zilikuwa nzima, lakini hapakuwa tena na kioo cha kuzionyesha.

Hapo ndipo miaka ya tisini ilipotukuta. Biashara ilikuwa imefunguliwa. Bidhaa ambazo zamani ziliingia kwa kificho sasa zilipangwa barazani kweupe: redio, pasi, feni, na televisheni kutoka Dubai. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vimefika, na mtu aliyekuwa na mitumbwi miwili aliamka akajiona tajiri. Mwalimu naye aliletwa kuishi Kiseke, pembeni mwa mji wa Mwanza, kwa binti yake, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameingia ukungu na kiharusi kidogo kilikuwa kimempiga. Sauti ilibaki, lakini maneno yalianza kumpotea. Angeanza wimbo, akafika katikati, akasimama kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Siku moja nilipomtembelea alinishika mkono.

"Kijana," alisema. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili. "Nyimbo zangu bado zimo kwenye zile kanda?"

"Zimo, Mwalimu."

"Basi zitoe kabla sijafa. Mimi naziacha moja moja njiani."

Nilimwahidi. Niliona ni jambo jepesi. Televisheni sasa zilikuwapo tele.

Mzee mwenzangu wa kanisa, mfanyabiashara wa samaki, alikuwa amenunua televisheni kubwa iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Nilimwomba nijaribu kompyuta ya mmisionari kwake, nikamwambia kuna kazi ya kanisa ndani yake. Alikubali kwa moyo mweupe. Nilitengeneza waya mwenyewe: upande mmoja plagi ya mviringo yenye pini tano, upande wa pili plagi ya kuingia nyuma ya televisheni. Nikawasha. Picha ikaja bila rangi, ikawa inapanda juu, inakatika, inapanda tena, bila kukoma, maandishi yakipita kama abiria kwenye dirisha la treni.

Yule mzee aliangalia kwa makini, akainama, akaangalia tena.

"Fundi, mgonjwa wako ana homa kali. Anatetemeka hivi! Umempa klorokwini?"

Mke wake alikuwa mlangoni na sinia la chai. "Mpe tu, lakini amalize kutetemeka kabla ya saa ya habari. Nami nina televisheni yangu humu, au siyo yangu, Baba?"

"Ni yako, Mama. Mimi nalipia umeme tu."

Tulicheka wote. Lakini mimi niliondoka nikijua ugonjwa ulivyo. Mashine za Marekani huchora picha mara sitini kwa sekunde, zetu hamsini, na idadi ya mistari haifanani. Televisheni za kizamani zilikuwa na kifundo nyuma cha kuzungusha na kuikamata picha. Hizi mpya zilikuwa na vitufe vya kubadilisha stesheni na basi. Nilijaribu kwa mwalimu wa sekondari, nikajaribu katika duka la Mhindi aliyenihurumia, nikabeba kompyuta ile mpaka Magu kwa mtu aliyedai televisheni yake inakubali kila kitu. Ilikataa. Ilionyesha chenga tupu. Kilichotakiwa ni konveta, kisanduku cha kukaa katikati, kipokee picha ya Kimarekani na kuitoa ikiwa picha ya kwetu.

Nilimwagiza mfanyabiashara aliyekwenda Dubai. Nilimwandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Nilingoja miezi minne, naye akaniletea kisanduku kizuri kweli, cheusi, chenye taa nyekundu. Niliunganisha. Picha ikawa mbaya zaidi. Nilisoma maandishi yaliyo chini yake, nikagundua kinageuza kinyume: kinachukua ya kwetu na kuifanya ya Kimarekani. Aliyekiuza alikuwa ameona majina ya mifumo yote miwili, akaamini ni hicho hicho.

Nilimshukuru yule ndugu, kwa maana alihangaika. Nikaagiza tena. Nikangoja tena. Mtu aliyesomeshwa subira ya Ayubu hawezi kulalamikia kisanduku. Kila nilipokwenda Kiseke, Mwalimu aliniuliza, "Bado?" nami nikamjibu, "Bado, Mwalimu, lakini kipo njiani."

Sasa nifike mahali pangu.

Kanda zile sikuziweka kibandani kwangu. Kibanda cha fundi redio kimejaa spika, na kila spika ina sumaku, na sumaku hufuta kanda. Niliziweka katika kabati la ofisi ya kanisa, ndani ya bati la biskuti. Kabati hilo hilo ndimo kwaya ilimotunza majoho yake. Sikumwambia mtu yeyote mlikuwa na nini ndani ya bati lile. Nilijipangia mambo moyoni. Nilitaka picha ikubali kwanza, kisha Jumapili moja televisheni iwekwe mbele ya madhabahu, Mwalimu aletwe ashikwe mikono, maneno yake yatokee mbele ya watu wote, nao wageuke kuuliza, nani amefanya hivi? Nilikuwa mzee wa kanisa. Nilikuwa nimefundisha vijana kuhusu Mafarisayo kupenda viti vya mbele. Na bado nililea picha hiyo moyoni mwezi baada ya mwezi.

Mwenyekiti wa kwaya alikuwa mama mmoja mchapakazi, mtu wa kunyooka. Alikuja kibandani kwangu asubuhi moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Kwaya haijambo?"

"Haijambo, ila imekaukiwa kanda. Tunataka kurekodi kwa ajili ya Jumapili ya mavuno. Mzee, kuna kanda tatu kabatini, kwenye bati. Nimejaribu moja kwenye redio. Imelia! Kama debe limejaa panzi. Nikasema hii imeharibika, lakini ngoja nimuulize fundi. Ni za nini?"

Hapo palihitajika maneno machache tu. Zile ni nyimbo za Mwalimu, zimeandikwa kwa lugha ya mashine, usiziguse. Angezilinda kuliko mimi. Lakini niliona siri yangu inatoka, niliona itaimbwa na kwaya yote kabla ya jua kutua, na Jumapili yangu itakuwa imeliwa ikiwa mbichi.

"Achana nazo," nilisema, bila kuinua macho kutoka kwenye redio niliyokuwa naifungua. "Takataka za mmisionari."

"Haya, asante, mzee."

Alikwenda zake. Sikufikiri tena juu ya jambo hilo. Nilirudi kwenye redio yangu, nikaitengeneza vizuri, mwenye nayo akaridhika.

Konveta ya pili ilifika wiki ya kuelekea mavuno. Ndugu mmoja aliyekuwa akisafiri kwa meli hadi Kisumu aliipata huko kwa fundi aliyekuwa akiwatengenezea watu michezo ya televisheni iliyotoka Marekani. Ilikuwa imetumika, pembe moja imechubuka. Niliipeleka kwa mzee wa samaki siku ya Ijumaa mchana. Mke wake alikuwa ameshachoka nami.

"Amerudi na mgonjwa wake," alimwambia mumewe.

"Leo amekuja na daktari," nilimjibu.

Niliunganisha kompyuta kwenye konveta, konveta kwenye televisheni. Nikawasha. Kioo kikawa cheusi kwa muda, kikapiga chenga kidogo, kisha kikatulia. Rangi ya buluu ikajaa kutoka ukingo hadi ukingo. Juu, pembeni, pakatokea neno la mashine la kusema niko tayari, na chini yake kijialama kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima. Hakikutetemeka hata unywele. Yule mama aliweka sinia chini. Mzee mwenzangu alisema, "Loo!" Mimi nilipiga magoti juu ya zulia lao na kumshukuru Mungu kwa sauti. Shukrani ile ilikuwa ya kweli. Sikwenda kuchukua kanda siku ile. Nilisema Jumatatu, baada ya mavuno, kwa utulivu.

Jumapili ya mavuno kanisa letu lilijaa kuliko Krismasi. Baada ya ibada tulitoka nje kwa mnada, kama ilivyo desturi: vile vilivyotolewa sadaka huuzwa palepale, na fedha yake ni ya Bwana. Kuku walifungwa miguu, mayai yakiwa kwenye bakuli, mihogo, mpunga, mkungu wa ndizi, mbuzi mmoja aliyekuwa akila shada la maua. Mnadi alikuwa kijana mwenye mdomo mtamu.

"Huyu jogoo ni mlokole! Anawika saa ya sala tu! Nani atamwacha aende kwa wapagani?"

Watu wakacheka, jogoo akaenda. Kisha akainua kanda.

"Haya sasa! Kwaya yetu wenyewe, imejirekodi yenyewe! Ziko tatu tu! Atakayekosa atasikia kwa jirani!"

Nilikuwa na furaha tangu Ijumaa. Nilipandisha bei, mwenzangu akapandisha, nikapandisha tena, watu wakanipigia makofi, na kanda ya kwanza ikawa yangu. Nilipewa mkononi. Upande wa mbele walikuwa wamebandika karatasi iliyoandikwa jina la kwaya kwa kalamu nyekundu. Niliigeuza. Upande wa nyuma, kwa wino wa buluu uliofifia, ulikuwapo mwandiko wa mmisionari.

Siwezi kueleza vizuri nilivyofika alipokuwa mwenyekiti wa kwaya. Nakumbuka nilimshika mkono mbele ya watu, jambo lisilofaa.

"Mama, hizi kanda mmezitoa wapi?"

"Kabatini, mzee. Kwenye bati. Si ulisema ni takataka?"

"Nyimbo za Mwalimu zilikuwa humo. Zote."

Alinitazama. Uso wake ulibadilika polepole, kama maji yanavyobadilika wingu linapopita juu yake. "Mzee, mimi nilikuja kukuuliza," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuja kwako mpaka kibandani nikakuuliza."

Nilizipata zile mbili kutoka kwa walionunua, nikawarudishia fedha yao. Jumatatu nilikaa nazo kibandani, nikazisikiliza mwanzo hadi mwisho, pande zote. Kwaya yetu iliimba. Iliimba vizuri, sikatai. Waliimba kwa Kiswahili nyimbo ambazo kila kanisa huimba, na kila aya waliyoimba ilikuwa imekalia aya ya Mwalimu. Mwishoni mwa kanda ya tatu, upande wa pili, sauti zao zilikoma, pakawa na ukimya mfupi, kisha panzi wakaanza kulia ndani ya debe. Kwaya ilikuwa imemaliza nyimbo zake kabla kanda haijaisha.

Nilibeba kila kitu tena mpaka kwa mzee wa samaki. Nililisha kompyuta kipande kile. Kisanduku kikafanya kazi yake, picha ikatulia, na maandishi yakapanda kwenye kioo safi, meupe juu ya buluu, kila herufi kamili. Haikuwa wimbo. Ilikuwa faharasa. Mmisionari, mtu wa utaratibu, alikuwa ameandika mwishoni kabisa orodha ya mstari wa kwanza wa kila wimbo. Mistari themanini na sita. Niliinakili kwa mkono, mke wa mzee akinisomea nilipochoka, ingawa Kijita hakukijua, akitamka herufi moja moja. Siku ile hakusema neno juu ya televisheni yake.

Kiseke nilikwenda Jumatano. Mwalimu alikuwa ameketi nje kwenye kiti cha kamba, uso ameuelekeza penye jua. Binti yake alinipa kigoda, akarudi kuchambua mchele.

"Kimefika?" aliniuliza Mwalimu.

"Kimefika. Picha imetulia."

"Atukuzwe Mungu. Soma."

Nilisoma mstari wa kwanza. Alitabasamu, akaudaka, akaimba wimbo mzima hadi mwisho, nami nikaandika. Nilisoma wa pili. Akauimba. Wa tatu alisimama katikati.

"Endelea wewe," alisema.

"Siwezi, Mwalimu. Nina mstari wa kwanza tu."

"Na iliyobaki iko wapi?"

Nilimweleza. Nilianza kwa kusema kwaya ilirekodi juu ya kanda. Ningeweza kuishia hapo, na nitakiri kwamba kwa muda wa pumzi mbili nilikusudia kuishia hapo. Kisha nikamwambia kwamba niliulizwa, na nilichojibu, na kwa nini nilijibu hivyo. Binti yake aliacha kuchambua. Mwalimu hakuugeuza uso kutoka kwenye jua.

"Uliziita takataka," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ili ushangiliwe."

"Ndiyo."

Nilitamani anipige. Nilitamani atamke neno la msamaha, nilie, niende nyumbani. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alijifuta midomo kwa kiganja.

"Soma unaofuata," alisema.

Tulifanya hivyo kila Jumatano. Mimi nasoma mstari mmoja, naye anakwenda kuutafuta wimbo gizani mwake. Mara nyingine alirudi nao. Mara nyingine alirudi na nusu, au na aya za nyimbo mbili zilizoungana, akajua kwamba zimeungana, akakasirika, akaniambia nifute. Palikuwa na mmoja aliouita wa mvushaji, alioutunga alipozikwa mke wake. Tuliusoma mstari wake wa kwanza wiki nne mfululizo. Wiki ya nne alisema, "Ruka huo," na sikumsomea tena.

Tulipata ishirini na tisa zilizo kamili. Kiharusi cha pili kilimchukua kabla ya mavuno yaliyofuata. Msibani kwake waliimba nyimbo za Kiswahili, kwa kuwa vijana wengi hawakujua nyingine.

Mbele ya baraza la wazee nilikiri na kumwomba radhi mwenyekiti wa kwaya. Aliitikia kwa adabu. Lakini maneno yalikuwa yameshatembea mjini kwamba ndiye aliyefuta nyimbo za Mwalimu, na maneno yakishatembea hayarudishwi na kikao. Aliacha kwaya. Mimi sikuondolewa uzee wa kanisa. Kinyume chake, kwa miaka mingi watu walinitambulisha kwa wageni kwamba huyu ndiye fundi aliyeifufua kompyuta ya mmisionari ikaonekana kwenye televisheni ya Dubai. Wageni walinipa mkono kwa heshima. Kila mara niliupokea mkono ule, nikashukuru, nikameza.

Karatasi ninazo. Ishirini na tisa zilizo kamili, na hamsini na saba zenye mstari mmoja mmoja, nimeziacha na nafasi tupu chini yake kwa urefu ambao nadhani wimbo ulikuwa nao. Nimewauliza wazee wa vijiji vyote vya pwani ile wanaokumbuka, na wanaonipa hunipa maneno yenye makosa ambayo Mwalimu aliyachukia. Nayaandika kwa penseli.

Wewe uliyenisoma mpaka hapa, Bwana akubariki katika nyumba yako na katika kazi ya mikono yako. Akuwekee watu wa kukuuliza kabla ya kutenda, na ukiulizwa, akupe ulimi mwepesi wa kusema lililo kweli. Akulinde na kiu ya makofi, na uzee wako aufanye mwepesi kuliko wangu. Amina.